Kusoma sura na milio ya tumbili bila kujidanganya: mwongozo kamili kwa walioko Mwanza na kando ya ziwa

Wadau, hii nimeiandika kwa sababu watu wanakwama palepale kila siku. Mtu anaenda kisiwa cha Saanane, anarekodi tumbili, video safi kabisa, halafu kwenye daftari anaandika "tumbili anacheka", "tumbili kakasirika", "tumbili anamuonea mwenzake huruma". Ukimuuliza umejuaje anakuonesha meno. Sasa meno tumbili anayaonesha akiogopa, akicheza, akipiga miayo, na hata akiwa anamenya tu kitu chake cha kula, kwa hiyo meno peke yake hayajakwambia chochote.

Kazi ina sehemu mbili, usizichanganye. Kwanza unaandika uso ulifanya nini. Pili unaandika mwenzake alifanya nini baada ya hapo. Maana ya sura inatoka kwenye hiyo sehemu ya pili, na inakuja mwishoni kabisa ukishakuwa na klipu za kutosha. Ukiianza mwanzoni umeharibu.

Mwongozo huu ni wa tumbili hawa wa kawaida, weusi usoni wenye mstari mweupe juu ya macho, ambao ndo rahisi kuwapata huku.

## Vifaa

- Simu inayorekodi fremu 60 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, au kamera yenye zumu. Fremu 30 hazitoshi, maana kitendo cha robo sekunde kinaingia kwenye fremu 7 au 8 tu, wakati 60 inakupa 15. Sura nyingi za tumbili ni za haraka hivyo.
- Darubini, 8x42 au 10x42. Usinunue yenye kukuza sana, mkono ukitikisika kidogo huoni kitu.
- Kitu cha kuegeshea simu. Stendi ni nzuri, ila mawe ya Mwanza hayako sawa, kimfuko cha mchele kilo moja juu ya jiwe kinakaa vizuri kuliko stendi ya bei rahisi.
- Daftari na penseli. Penseli, siyo peni, mvua ikikudondokea peni inayeyuka.
- Powabenki na memori kadi yenye nafasi, video za fremu 60 zinakula nafasi vibaya sana.
- Kompyuta yenye VLC (ya kuchezea video), Audacity (ya kufungulia sauti) na BORIS (ya kuandikia vitendo kwenye video). Zote tatu ni za bure.
- Mtu wa pili ambaye HAKUWEPO siku ya kurekodi. Huyu wengi wanamsahau, na bila yeye hatua ya 8 haipo.

Chakula usibebe. Hata karanga za mfukoni acha nyumbani.

## Hatua ya 1: Mahali na ruhusa

Kama unajifunza tu, Saanane inatosha. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ofisi iko Capri Point, unalipa kiingilio, boti inakuvusha dakika chache. Waambie askari wa hifadhi umekuja kufanya nini, watakwambia kundi limelala upande gani, na hiyo itakuokolea nusu ya asubuhi.

Kama unataka kuandika ripoti ya chuo au kuchapisha, hiyo ni utafiti na inataka kibali. Utafiti wa wanyamapori Tanzania unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na ndani ya hifadhi TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, lazima wajue. Anza mapema, usikusanye data kwanza halafu ndo uombe ruhusa, hizo data zinaweza kukataliwa zote.

Muda mzuri ni saa moja mpaka saa nne asubuhi, halafu saa kumi mpaka jua linapozama. Katikati hapo wanalala kivulini na wewe unachomwa na jua juu ya mawe bure.

## Hatua ya 2: Kaa mpaka wakupuuze

Unachotaka kuona ni sura wanazooneshana wao kwa wao, siyo sura wanazokuonesha wewe. Siku za mwanzo kila kitu utakachorekodi kinakuhusu wewe, kwa hiyo usikihesabu.

Kaa umbali wa mita 10 hivi, kaa chini, usisimame simame. Usimkodolee mmoja macho kwa muda mrefu maana kwa tumbili kukodoa macho ni kitisho, tazama pembeni kila baada ya muda. Na usimchekee, bana. Meno yako nje na macho yamemkazia yeye, hajui kwamba kwenu huo ni urafiki.

ONYO: ukiwa na mafua au kikohozi usiende siku hiyo, magonjwa yetu yanaweza kuwapata. Akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ueleze ni mnyama, kuna kichaa cha mbwa hapo, usisubiri uone kama kitavimba.

Utajua umefanikiwa ukiona wamerudi kula na kuchambuana manyoya, na watoto wanacheza bila mama zao kuja kuwachukua. Kama kuna mmoja bado yuko juu ya jiwe anakuangalia wewe tu, bado.

## Hatua ya 3: Wajue mmoja mmoja

Bila hii huwezi kusema nani kamwambia nani. Angalia sikio lililokatika, mkia uliopinda, kovu la mdomoni, kidole kilichopungua. Dume mkubwa ni rahisi, korodani zake ni za bluu kabisa huwezi kukosea. Watoto wachanga wana uso wa pinki na manyoya meusi, rangi ya kikubwa inakuja baadaye.

Wape herufi, K, M, R, siyo majina kama Mkorofi au Mpole. Ukishamwita Mkorofi kila akifungua mdomo utaona ukorofi.

Inasaidia kujua kwamba majike wanabaki kwenye kundi walilozaliwa, na cheo cha binti kinafuata cha mama yake, wakati madume wakikua wanahama. Kwa hiyo majike wawili wanaokaa pamoja kila siku huenda ni ndugu, na dume mgeni anayezungukazunguka pembezoni atatoa sura nyingi za wasiwasi kuliko wengine.

Umefanikiwa ukiweza kuwataja tumbili wakubwa wote kwenye picha bila kufungua daftari.

## Hatua ya 4: Tengeneza orodha ya vitendo vya uso

Hapa ndo moyo wa kazi, usipite haraka.

Binadamu tuna mfumo wa kusoma uso msuli kwa msuli, ulitengenezwa na Ekman na Friesen mwaka 1978, na watafiti baadaye wakautengenezea sokwe (2007) na nyani wa Asia wa jamii ya rhesus (2010). Wazo lake ndo tunalolichukua: taja kinachosogea, usitaje hisia. Orodha yako ya kuanzia iwe hivi, kila kimoja ni ndiyo au hapana:

Macho yamekaza. Uso umeelekea kwa mwenzake, macho hayahami, zaidi ya sekunde moja.

Kope zimeoneshwa. Nyusi zinapanda, ngozi ya kichwa inavutwa nyuma, kope nyeupe zinatokea ghafla kwenye uso mweusi. Kinapita haraka mno, mara nyingi hutakiona kwa macho mpaka urudishe video.

Mdomo wazi bila kuvuta pembe. Taya inashuka, mdomo unakuwa kama duara, pembe za mdomo zinabaki pale pale.

Pembe za mdomo nyuma. Midomo inavutwa kuelekea masikioni, meno yanaonekana, mara nyingi taya zimebana. Hii ndo ile watu wanaandika "anacheka". Mara nyingi utaikuta kwa yule anayekimbia au anayejikunja, siyo kwa anayefurahi.

Midomo inapiga haraka haraka. Inafunguka na kufunga bila kutafuna kitu. Iangalie hasa wakati wa kuchambuana au mmoja akimkaribia mwenye mtoto.

Mdomo wazi umelegea. Wa kwenye michezo, taya imelegea, mwili nao umelegea, wanang'atana bila kuumizana.

Miayo. Iandike na muda. Miayo ya saa saba mchana kivulini ni usingizi, ila dume akipiga miayo mara tatu mfululizo wakati kundi lingine limetokea, meno marefu yote nje, hiyo siyo usingizi.

Halafu weka safu ya mwili: kichwa kinapanda na kushuka, mwili unachomoka mbele, kajikunja, mkia umekaaje. Uso bila mwili unadanganya sana, mdomo wazi wa kitisho na mdomo wazi wa mchezo kwenye picha moja iliyosimama unaweza kufanana, ukiona mabega tu umejua.

Maneno usiyoruhusiwa kuandika: hasira, furaha, huruma, dharau, aibu, wivu. Yafute kabisa kwenye fomu yako ili yasikutongoze.

## Hatua ya 5: Rekodi kwa zamu, siyo kwa vurugu

Kosa linaloua data nyingi ni kukimbilia kelele. Ugomvi ukitokea kila mtu anageuza simu kule, jioni una klipu kibao za ugomvi na hakuna hata moja ya tumbili aliyekaa kimya, kisha unaandika kwamba tumbili wanatishiana muda wote. Siyo wao, ni wewe tu uliyekimbilia kelele.

Njia ya kufuata ilielezwa na Jeanne Altmann mwaka 1974 na mpaka leo ndo inayotumika: unachagua mnyama mmoja, unamfuata kwa muda uliopangwa, chochote atakachofanya. Andika herufi zote kwenye vikaratasi, chota bila kuangalia, huo ndo mpangilio wako wa siku. Kila mmoja dakika 10. Zamu ya M ni ya M, hata K akiwasha moto kule nyuma. Akijificha nyuma ya jiwe andika "haonekani" na saa, usihamie kwa mwingine. Zamu yake ikiisha unaenda karatasi inayofuata.

Sasa mwanga, maana huku ndo tatizo kubwa. Uso mweusi, jiwe jeupe nyuma linalowaka jua, na ziwa linang'aa pembeni: simu inapima mwanga wa jiwe na uso unabaki kivuli kitupu. Fanya hivi, gusa uso wa tumbili kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka mwanga ujifunge, kisha uongeze kidogo. Jiwe litaungua kuwa jeupe tupu, liache. Kaa jua likiwa mgongoni kwako. Na zumu ya kidijitali usiivute mpaka mwisho, uso unakuwa viboksi.

Jitahidi wote wawili waingie kwenye fremu, anayetoa sura na anayepokea. Klipu yenye uso mzuri wa mmoja bila mwenzake ni ya kuweka status tu. Kama haiwezekani, sema kwa sauti wakati unarekodi, pole pole: "M yuko kushoto, mita tatu, anaondoka."

Ukiweza kusimamisha video popote na kuona kope na pembe za mdomo, umefaulu.

## Hatua ya 6: Milio

Mwaka 1980 watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walichapisha kazi yao ya Amboseli, Kenya, ambapo waliwapigia tumbili milio yao wenyewe ya hatari iliyorekodiwa, kutoka spika iliyofichwa, bila adui yeyote kuwepo. Mlio wanaoupiga wakimuona chui wakakimbilia mitini, wa tai wakaangalia juu au wakajificha vichakani, wa nyoka wakasimama kwa miguu miwili wakitazama chini kwenye nyasi. Kwa hiyo ukisikia mlio wa hatari, kamera isiende kwa aliyelia tu, iende kwa waliosikia. Wameangalia wapi?

Watoto bado wanajifunza. Wanaweza kupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, usishangae ukiinua kichwa ukakuta ni korongo kapita. Andika aliyelia ana umri gani na wakubwa walifanya nini, wakubwa mara nyingi wanaangalia juu mara moja na kuendelea kula.

Ile miguno ya chini chini wanapokaribiana au kuvuka uwazi, hiyo kwa sikio letu inafanana yote, ni kama kumsikiliza mtu anayesema "ehee, ehee" kwenye simu bila kumsikia wa upande wa pili. Irekodi, ifungue kwenye Audacity, badilisha muonekano uwe wa spektrogramu (picha ya sauti), ndo utaanza kuona tofauti. Upepo wa ziwa unaharibu sana sauti, ivishe maikrofoni kipande cha sponji.

ONYO: usiwapigie milio ya hatari kwa spika ili "ujaribu". Unawatia hofu bure na ukirudia wanazoea kupuuza, siku tai akija kweli itakuwaje. Jaribio la namna hiyo ni la watu wenye kibali na mpango maalumu. Droni hivyohivyo: huko Senegal watafiti walirusha droni juu ya tumbili wa jamii ya karibu na hawa, tumbili wakapiga mlio wa hatari unaofanana na ule ambao hawa wa kwetu wanapigia tai, matokeo yalitoka 2019. Ukirusha droni Saanane asubuhi yako ya kazi imeisha, achilia mbali askari wa hifadhi.

## Hatua ya 7: Soma fremu kwa fremu

Nyumbani fungua klipu kwenye VLC, simamisha, bonyeza herufi E, inasogea fremu moja moja. BORIS inafanya vizuri zaidi maana unaipa kila kitendo herufi yake na yenyewe inahifadhi muda, ila ukiwa na klipu chache VLC na Eksel vinatosha.

Pita mara ya kwanza bila sauti, uso tu. Mara ya pili mwili. Mara ya tatu yule mwingine. Ukijaribu vyote kwa pamoja akili inaanza kujaza hadithi yenyewe.

Klipu ya sekunde 6 iliyoandikwa vizuri inakaa hivi:

0:00.0 – K kakaa juu ya jiwe. M anatembea kuja kwake, mita 3 hivi.
0:01.4 – K anamgeukia M. Macho yamekaza, mdomo umefungwa.
0:01.9 – Nyusi juu, ngozi ya kichwa nyuma, kope zinaonekana.
0:02.2 – Kope zimerudi.
0:02.5 – M anasimama. Pembe za mdomo nyuma, meno yanaonekana, taya zimebana. Hamtazami K.
0:03.1 – M anageuka, mkia chini.
0:05.8 – M yuko mita 6. K anajikuna.

Hamna hisia hata moja hapo na bado mtu yeyote akisoma anaona kilichotokea. Angalia pia kwamba kope zimekaa sehemu tatu za kumi za sekunde moja. Bila kusoma fremu kwa fremu ungeandika "M aliondoka bila sababu".

## Hatua ya 8: Mwenzako arudie

Mpe yule mtu wa pili klipu 40 na orodha ya hatua ya 4, usimpe majibu yako wala usimsimulie. Kila mmoja aandike peke yake, halafu mlinganishe kitendo kimoja kimoja.

Kukubaliana kwa asilimia hakutoshi, maana mkibahatisha tu bado mtagongana mara nyingi. Tumia kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati. Tuseme ni "meno yameonekana": wote mmesema ndiyo mara 12, wote hapana mara 22, mmetofautiana mara 6, tatu kila upande. Mmekubaliana 34 kwa 40, yaani 0.85. Kila mmoja kasema ndiyo mara 15 kwa 40, ambayo ni 0.375, kwa hiyo kwa bahati tu mngekubaliana 0.375 × 0.375 + 0.625 × 0.625 = 0.53. Kapa ni (0.85 − 0.53) ÷ (1 − 0.53) = 0.68.

Hiyo inavumilika, ila mimi napenda ifike 0.8 ndo niendelee. Ikiwa chini ya 0.6 tatizo siyo mwenzako, ni maelezo yako ya kitendo. Kaeni muangalie zile klipu 6 mlizotofautiana, mara nyingi utakuta mmoja amehesabu meno ya chini tu na mwingine hakuyahesabu. Rekebisheni maelezo, halafu mjipime kwa klipu nyingine, siyo zilezile.

## Hatua ya 9: Sasa tafuta maana

Tuseme una mara 20 ambazo K alionesha kope na mwenzake akaondoka ndani ya sekunde 5 kwenye 13 kati ya hizo. Watu wanaruka hapohapo, "kope maana yake ondoka". Subiri. Tafuta mara nyingine 20 ambazo mwenzake alimkaribia K umbali uleule, K akamtazama, lakini kope hazikuonekana. Kama hapo pia waliondoka mara 11, basi wanaondoka kwa sababu ni K, kope hazijaongeza kitu kikubwa. Kama waliondoka mara 3 tu, hapo una habari. Bila hilo kundi la kulinganishia huna chochote, hata ukiwa na klipu elfu.

Na hesabu wanyama, siyo klipu tu. Klipu 40 za K peke yake ni tabia ya K. Zigawanye: madume wangapi, majike wangapi, kila mmoja ametoa ngapi.

Kwenye ripoti andika sentensi ya aina hii: "K alipoonesha kope, mpokeaji aliondoka ndani ya sekunde 5 mara nyingi zaidi kuliko alipotazama bila kuonesha kope." Ukitaka kutumia neno "kitisho" litumie baada ya hapo, na useme ni kwa sababu ya nini.

Ukihamia mnyama mwingine, orodha ya hatua ya 4 inaanza upya. Nyani wana nyuso ndefu na kope zao zinataka kuangaliwa peke yake, na wale sokwe wa Rubondo, waliopelekwa kisiwani miaka ya 1960, wanaweza kuonesha meno hata wakiwa wanasalimiana kwa amani, kwa hiyo ukienda kwao na fomu ya tumbili wa Saanane utadhani ni woga siku nzima.